Kifuniko Kimoja

Ida aliinamisha tawi la mkorosho, akalishika shada la maua kwa vidole viwili, akalipuliza. Unga mweupe ukaruka, na chini yake maua yakaonekana meusi, yamesinyaa, hayana hata harufu. Akavuta shada la pili. Hivyo hivyo. La tatu hakulipuliza. Alikwisha kuona alichokuja kukiona, na kujitesa zaidi ya hapo ni ukaidi tu.

"Umeona, dada?" Zabroni, mdogo wake, alikuwa amesimama nyuma yake na mashine ya kupulizia dawa mgongoni. "Hii ni mara ya tatu tunapulizia tangu Juni ianze. Mara ya tatu! Huyu Anwari anatuuzia maji ya kunawia mikono."

"Ngoja kwanza, Zabroni."

"Ningoje nini? Maua yakiisha, korosho zitatoka wapi? Jumamosi tunashuka Newala, wanaume kumi, tumeshakubaliana. Tutamkuta dukani kwake, naye atatueleza anachokitia kwenye zile chupa. Atueleze mapema, akiwa bado na meno ya kuelezea."

Zabroni hakuwa mtu wa kutisha kwa maneno halafu akaenda kulala. Mwaka juzi alimkuta mtu na gunia la korosho za shangazi yao, akamvunja mkono wa kulia. Mtu yule mpaka leo anakula kwa kushoto, na watoto wanamcheka. Sasa safari hii alikuwa anamkusudia Anwari, muuza pembejeo, mtu mpole wa watu, mwenye kikohozi na watoto wanne.

Na hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe. Katika kijiji kizima cha Chilangala alikuwepo mtu mmoja tu aliyekuwa na sababu ya kuamini kwamba Anwari hana kosa. Mtu huyo alikuwa Ida, na sababu yenyewe ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga yake: kifuniko kidogo cha plastiki, cheupe, kilichochanika ukingoni.

Wageni wakifika uwanda huu huuliza kwa nini watu walijenga juu, mbali na maji. Waulize wenyewe, mimi nimechoka kulijibu swali hilo. Itoshe kusema kwamba bibi yake Ida aliishi miaka ambayo maji yalifuatwa bondeni, alfajiri mpaka jua la utosi, na wanawake wa ukoo wakirudi walimimina yote kwenye mtungi mmoja uani kwa bibi. Bibi aliketi mbele ya mtungi na kata ya kifuu, akapima. Siku ya maji mengi kila nyumba ilipata kata nyingi, siku ya maji machache ilipata chache, na ilipobidi alipima nusu kata, robo kata, hata tone la kulowesha ulimi tu. Hakuna mtoto wa ukoo ule aliyelala na kiu wakati mwenzake amekunywa. Bibi alipokufa kata ilikwenda kwa mama, na mama alipokufa ilikwenda kwa Ida, mzaliwa wa kwanza.

Mabomba ya maji yalikuja baadaye, yanatoka siku yakijisikia kutoka, lakini kazi ya kupima haikufa. Ida alipima chumvi ya msibani. Alipima mbegu za choroko na mafuta ya taa. Na dawa ya mikorosho ya maji ilipofika, ile inayochanganywa ndani ya bomba la mashine na kupuliziwa mitini ili kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, hakuna aliyeuliza nani ataipima.

Chupa ilisema vifuniko vitatu kwa bomba moja. Ida alikisoma kile kikaratasi. Msiseme hakujua kusoma, maana kanisani ndiye aliyekuwa akisoma masomo ya Jumapili. Mwaka wa kwanza nyumba zilikuwa sita, akatia vitatu. Kisha vijana wakaoa. Dorika, mdogo wake wa kike, naye akaachika huko Masasi, akarudi na mwanawe Gift na sanduku moja. Nyumba zikawa tisa, Ida akatia viwili. Nyumba zikawa kumi na moja, mikorosho mia nne na zaidi, na chupa walizomudu kununua ni zile zile. Akatia kimoja. Kifuniko kimoja kwa bomba zima, misimu miwili mfululizo, na huu wa tatu. Alichanganya mwenyewe uani kwake, Zabroni akija anakuta bomba limejaa, analibeba. Hakuna aliyeuliza kipimo. Mpimaji haulizwi, kama vile bibi hakuulizwa. Watu walijua tu kwamba dawa yao inafika kwa kila mmoja, na walijivuna kwayo mpaka kwenye mikutano ya chama cha msingi cha ushirika: kwetu hakuna anayekosa.

Kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Ndivyo alivyojiambia kila alipokifunga kile kifuniko kwenye pindo. Kwa maji ilikuwa kweli.

Alhamisi asubuhi alimvizia Oliva, bibi shamba, kwenye njia ya ofisi ya kijiji. Oliva alikuwa binti wa Masasi, mwaka wa tatu kazini, anatembea na buti za mpira hata siku za jua kali, na huyo hakuwa mtu wa kumzunguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina swali. Si langu, ni la jirani."

"Ndiyo, mama."

"Huyo jirani anapulizia dawa ya maji. Ila kwa sababu ni kidogo na watu ni wengi, anatia kifuniko kimoja badala ya vitatu. Sasa maua yake yamekuwa meupe. Dawa imeisha nguvu, au ni nini?"

Oliva akasimama. "Ameanza lini kutia kimoja?"

"Huu msimu wa tatu. Kabla ya hapo viwili."

"Mama, ubwiriunga ni kitu hai. Kwenye shada moja vimo vijidudu vya ukungu maelfu kwa maelfu, na havilingani. Vipo dhaifu, vinakufa kwa kifuniko kimoja. Vipo vibishi, vinataka vitatu. Huyo jirani akitia kimoja anaua dhaifu, halafu vibishi anaviachia shamba zima vizaane vyenyewe kwa vyenyewe. Mwaka wa pili vibishi vimekuwa vingi, naye anarudi na kile kile kimoja. Ikifika mwaka wa nne, atie vitatu, atie vitano, havijali tena."

"Kwa hiyo dawa si feki."

"Sijaiona, siwezi kuapa. Inaweza kuwa feki. Lakini hata ingekuwa nzima, kwa kipimo hicho jirani yako alikuwa haviui. Alikuwa anavisomesha."

Neno hilo lilimchoma Ida mpaka akajishika kifuani. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama kuna dawa nyingine. Oliva akamwambia salfa ya unga, ile ya zamani ya njano, ingefaa bado, kwa sababu yenyewe inakipiga kile kijidudu mahali pengi kwa mara moja, wakati hii ya maji inapiga mahali pamoja tu, na hapo pamoja vimekwisha kupakinga.

"Jirani ana mikorosho mingapi?"

"Mia nne na kitu," Ida akasema, na papo hapo akajua amejipalia makaa. Hakukuwa na jirani wa mikorosho mia nne Chilangala. Ulikuwepo ukoo mmoja tu.

Oliva hakucheka. Alimtazama mama huyu mtu mzima, akatazama chini. "Mwambie jirani aseme mapema," akasema. "Upepo ukigeuka unavuma kuelekea Mnyambe. Huko bado wanatumia salfa, hata hawajaigusa dawa hii. Wasije wakarithi cha kwenu."

Ijumaa jioni ukoo ulikutana uani kwa Dorika kupanga safari ya Jumamosi. Haikuhitajika. Anwari alikwisha kusikia yanayosemwa sokoni, akapanda mwenyewe na pikipiki yake kuja kuwaona wateja wake. Ushujaa au ujinga, sijui. Alisema "Hodi" mara mbili, akaingia, na kabla hajashusha mguu Zabroni alikwisha kuuchomoa ufunguo wa pikipiki, akautia mfukoni. Vijana wawili wakasogea wakasimama njiani.

"Karibu," Zabroni akasema. "Tulikuwa tunakuja. Umetupunguzia mwendo."

"Jamani, nimekuja kuiona hiyo miti," Anwari akasema. Akakohoa kidogo. "Kama kuna tatizo la dawa tuzungumze."

"Utazungumza na huu." Zabroni alikuwa ameshika mpini wa jembe. Hakuuinua. Aliushika tu, na wote uani wakautazama ule mpini.

Oliva, ambaye Ida alimwomba aje, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Ida akapiga moyo konde, akasimama.

"Mwacheni. Dawa nimeiharibu mimi."

Akalifungua pindo la kanga, akakitoa kifuniko, akakiweka kwenye kiganja ili wakione. Akawaeleza yote: vitatu, viwili, kimoja, miaka na nyumba. Hakujitetea.

Basi mngedhani kwamba hapo wangemgeukia yeye. Wala. Dorika alicheka kwanza, kicheko cha mtu asiyeamini, kisha akamshika mkono. "Dada, kaa chini. Unamwonea huruma huyu mtu, tunajua moyo wako. Wewe hujawahi kutupunja hata chumvi."

"Sikuwapunja. Niliwagawia. Ndiyo shida yenyewe."

"Tangu lini kugawana kukaua mti?" akauliza mama mmoja upande wa pili, na wengine wakaitikia. Ida aliona kwenye nyuso zao kitu ambacho hakukitarajia: hofu. Wangekubali Anwari awe mwizi, wangekubali Mungu awe amewakasirikia. Lakini kata ya bibi iwe ndiyo iliyowaangamiza? Hilo hawakulitaka hata kulisikia.

Zabroni ndiye aliyesema lililokuwa baya zaidi. "Amekupa nini, dada?"

Ida alimtazama mdogo wake, aliyembeba mgongoni akiwa mchanga. Alitamani kumzaba kofi, akakosa nguvu ya kuinua mkono.

Ndipo Oliva aliposimama. "Mnaweza kubishana mpaka maua yaishe," akasema. "Au mnaweza kuiuliza miti. Zabroni, una shemeji Mnyambe, si ndiyo? Chukua chupa moja ya Anwari, hii hii, uifungue wewe mwenyewe. Pulizia mkorosho mmoja hapa, vifuniko vitatu kamili. Chupa hiyo hiyo uipeleke Mnyambe, upulizie mkorosho mmoja wa shemeji yako, vitatu kamili. Na mkorosho wa tatu hapa hapa, mimi nitaupiga salfa. Kila mti tufunge uzi mwekundu kwenye mashada kumi machanga, ambayo bado hayajashikwa na ugonjwa. Siku nane. Kama dawa ni feki, itashindwa hapa na itashindwa Mnyambe. Kama inaponya Mnyambe na hapa inashindwa, basi dawa ni nzima, ila ubwiriunga wa hapa umekwisha kuizoea."

Zabroni alifikiri. Alikuwa na hasira, lakini hakuwa mpumbavu. "Sawa. Siku nane. Pikipiki inabaki. Ikishindwa Mnyambe," akamgeukia Anwari, "hutaihitaji tena."

Siku nane si nyingi, ila jaribu kuzikaa huku unatazama miti ikifa. Kila asubuhi weupe ulikuwa umesogea. Ulianza mashada ya chini, ukapanda ya kati, ukaingia kwenye mikorosho ya Dorika, ile aliyoipandikiza kwa mikono yake mwaka aliorudi na sanduku lake moja, na ambayo mwaka huu ndio kwanza ilitoa maua kamili. Dorika alikuwa akipita pale kila jioni, anagusa tawi hili na lile, halafu anaondoka bila kutazama nyumbani kwa dada yake.

Hakuna aliyekuja kwa Ida kupimiwa kitu. Tangu azaliwe hakuwahi kuona ua wake ukiwa mtupu hivyo. Chumvi watu walikwenda kununua dukani. Msiba ukatokea Makote, wakachangia nyumba moja moja, kila mtu na kibaba chake. Simu ya Huruma, binti yake anayefundisha Masasi, aliiacha ikaita mpaka ikanyamaza, kwa sababu alijua akipokea atalia.

Siku ya tano Anwari alikuja kwa mguu kutoka barabarani alikoshushwa. Alikaa kwenye jamvi, akakataa chai.

"Mama Huruma, nikuulize kitu. Kama na Mnyambe itashindwa?"

"Itashindwaje? Dawa si nzima?"

Anwari alikung'uta vumbi kwenye suruali ambayo haikuwa na vumbi. "Mimi nachukua Masasi, katoni zimefungwa. Naziamini kwa sababu zimefungwa. Kilichomo ndani anakijua aliyefunga." Akameza mate. "Sijawahi kumchakachulia mtu. Lakini siwezi kukuapia kwamba mimi sikuchakachuliwa."

Ida alikuwa amejivisha dhambi mbele ya ukoo mzima, na kumbe hata mwenyewe hajui. Ikiwa chupa ilikuwa feki, Anwari atavunjwa, na Ida ataitwa mwongo aliyehongwa. Ikiwa chupa ilikuwa nzima, basi ni yeye aliyeua maua ya nyumba kumi na moja. Alikuwa anaomba lipi? Alitafuta sala ya kusema, akaikosa. Wakakaa wote wawili, kila mmoja akimwombea mwenzake jambo ambalo lingemponza yeye mwenyewe.

Siku ya nane, saa moja asubuhi, ukoo mzima ulikuwa chini ya miti. Zabroni hakuwepo, alikwenda Mnyambe toka alfajiri, kwa pikipiki ya Anwari. Oliva alisema wasimngoje, waanze.

Mti wa kwanza ulikuwa ule wa dawa ya Anwari. Oliva alishusha tawi lenye uzi mwekundu, akalionyesha. Jeupe. Akashusha la pili. Jeupe. La tatu lilikuwa na madoa, la nne jeupe. Alihesabu kwa sauti mpaka kumi, na mawili tu ndiyo yaliyobaki safi. Vifuniko vitatu kamili, na haya ndiyo matokeo.

"Feki," kijana mmoja akasema. "Tuliwaambia." Wanaume wakasogea kidogo upande aliosimama Anwari, naye akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa shina.

Mti wa salfa ulikuwa wa pili. Ulikuwa na vumbi la njano kwenye majani, na mashada yake yalikuwa mabichi, mekundu mekundu ncha, yananukia. Safi. Safi. Safi. Moja tu katika kumi ndilo lililoguswa. Baadhi ya wanawake walishusha pumzi kwa sauti, lakini hilo halikuamua chochote kuhusu chupa. Kilichobaki kilikuwa Mnyambe.

Wakangoja. Hakuna aliyekaa. Kijana yule aliyesema "feki" alikuwa ameokota fimbo, anaichezea. Oliva alijaribu kupiga simu, mtandao ukagoma. Jua lilipanda, na Ida akagundua kwamba amekikunja kifuniko kwenye ngumi mpaka ukingo wake uliochanika umemkata. Kisha wakausikia muungurumo, mbali, upande wa barabara.

Zabroni alifika, akazima pikipiki, hakusalimia. Alikuwa na mfuko wa kaki kifuani, ndani ya koti. Akachuchumaa, akaufungua mfuko, akatoa shada la kwanza lenye uzi mwekundu. Likawa safi. La pili safi. Aliyatoa moja moja, anayapanga chini kwenye mstari. Kumi. Yote kumi safi, maua yamefunguka, na kwenye mawili vilikwisha kuanza vikorosho vidogo vya kijani, ukubwa wa punje ya choroko.

"Chupa ile ile," Zabroni akasema, akiyatazama maua, hamtazami mtu. "Nilifungua mwenyewe. Nilipulizia mwenyewe."

Akasimama. Akaingiza mkono mfukoni, akautoa ufunguo, akamwekea Anwari kiganjani. Akamshika bega. Anwari alikaa chini palepale, kwenye majani makavu, akafunika uso.

Ida alingoja. Alikuwa tayari kwa matusi, kwa kutemewa mate, kwa kuambiwa airudishe kata ya bibi. Aliyataka hayo, nisifiche. Yangekuwa mepesi kuliko ukimya ule. Badala yake Dorika alimjia, macho mekundu, akamkumbatia kwa nguvu.

"Dada. Tusamehe. Ulisema kweli, tukakuita mwongo."

Na wengine nao wakaja. Walimshika mikono, wakampapasa mabega, mama mmoja akalia waziwazi. Siku nane za upweke zikayeyuka kwa dakika moja, na Ida alilia pia, kama mtoto aliyepotea akaonekana. Hakuwahi kuwapenda kama alivyowapenda pale.

Salfa ilikuwepo. Oliva aliipigania kwenye chama, akaipata mifuko minne ya kilo ishirini na tano, ikawa imelazwa kwenye toroli chini ya mti. Alikwisha kumpigia Ida hesabu jana yake: robo kilo kwa mti, mizunguko minne mpaka maua yafunge, inatosha miti mia. Mia, katika mia nne. Na miti yenyewe iwe pamoja, upande wa mashariki, ambako ugonjwa haujakolea bado. Upande wa mashariki ulikuwa wa Zabroni na wa shangazi yao mzee. Mikorosho ya Ida haikuwemo. Ya Dorika haikuwemo.

Dorika alifuta machozi kwa upindo wa kanga. Akaenda kwenye kikapu chake, akatoa bakuli, akaliweka chini mbele ya miguu ya dada yake.

"Basi tupimie, dada," akasema, na akatabasamu.

Nyuma yake mama wa pili akaweka bakuli. Wa tatu akaweka sufuria. Wa nne, kopo la rangi. Vilipangika mbele ya Ida vyombo kumi, kama vilivyokuwa vikipangika mbele ya bibi, na kila mwenye chombo alisimama nyuma yake akingoja kwa upole, amesamehe, ameamini, hana neno. Hawakuwa wameelewa. Dakika ile ile waliyoonyeshwa, walikuwa wanaomba tena kile kile.

Ingekuwa rahisi mno. Angechota tu. Kidogo hapa, kidogo pale, kila bakuli lingeondoka na njano yake, na jioni ua wake ungejaa watu tena. Mkono wake ulikwisha kuinama kuelekea mfuko bila kumwuliza.

Akaurudisha.

"Hapana," akasema.

Dorika hakuelewa. "Hapana nini?"

"Hii inatosha miti mia. Tukiigawa kwa mia nne haitoshi hata mmoja. Itapulizwa upande wa mashariki, kwa Zabroni na kwa shangazi. Yote. Korosho zitakazopatikana tutagawana nyumba kumi na moja, nitapima mwenyewe. Lakini salfa sigawi."

"Na yangu?" Dorika akauliza.

Ida alimtazama mdogo wake usoni. Alitaka kutazama pembeni, akajizuia. "Yako haipati. Na yangu haipati."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Miaka sita nimeitunza, dada. Ndiyo kwanza imetoa maua." Sauti ya Dorika haikupanda. "Korosho ni za nyumba kumi na moja, sawa. Maua yale yalikuwa yangu."

Zabroni alikuwa ameinama, anaangalia buti zake. Miti yake ndiyo iliyochaguliwa, na aibu ilimjaa mpaka masikioni. Mama mmoja akachukua sufuria yake. Mwingine akachukua kopo. Waliondoka mmoja mmoja, bila kugombana, na hilo lilikuwa baya kuliko kugombana. Dorika aliondoka wa mwisho. Bakuli lake hakulichukua. Alilipita, akashika njia ya shambani kwake, amenyooka, hageuki.

Ida alitamani kumwita. Jina lilimfika mdomoni likakaa hapo. Kisha akapiga magoti, akafungua mfuko wa kwanza, akakijaza kibaba salfa mpaka juu. Akakisawazisha kwa kiganja chenye mkato wa kifuniko, salfa ikamwingia kwenye kidonda, ikamchoma. Hakupunguza hata chembe. Akamimina chote ndani ya mashine.

"Washa," akamwambia Zabroni.

Mashine ikanguruma, na vumbi la njano likapanda kwenye mti wa kwanza wa upande wa mashariki. Ida akajaza kibaba cha pili. Bakuli la Dorika lilikuwa bado pale, jirani na goti lake, tupu. Alihesabu miti yote mia mpaka mwisho, na bakuli lile hakuligusa.